Kuchagua programu huria ya kusimamia oda za mtandaoni: mwongozo kamili kwa muuzaji wa Mwanza

Swali hili naulizwa mara kwa mara na wauzaji wa Mwanza, Musoma na Bukoba: "Duka la mtandaoni ninalo, oda zinaingia, lakini mizigo inachanganyika. Nihamie programu gani?" Nikiwauliza waliipataje hiyo waliyonayo, wengi hunijibu kwamba waliona sura ya duka wakaipenda. Oda inapita wapi baada ya mteja kubonyeza "nunua", hilo hawakuliangalia.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyuma ya duka: stoo, meza ya kufungashia, stendi ya basi na gati la meli. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio, utachagua mara moja na hutahama tena baada ya miezi mitatu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Oda zako 30 za mwisho, hata kama ziko kwenye daftari au meseji za WhatsApp. Zile zilizoleta ugomvi zisikosekane.
- Orodha ya bidhaa 20 pamoja na vipimo unavyouzia: kilo, sado, pakiti, doti, pea.
- Simu ya mtu anayefungasha mizigo. Simu yake yeye, isiwe yako.
- Kompyuta ya kufanyia majaribio, au seva (kompyuta ya mtandaoni inayoendesha duka) ya kukodi kwa mwezi mmoja.
- Fundi mmoja unayeweza kumpata kwa simu. Muulize anaandika PHP au Python, ambazo ni lugha za kuandikia programu, kisha liandike jibu lake. Litaamua mengi huko mbele.
- Wiki mbili za muda wa jioni. Ukiharakisha, utarudi kulekule kwenye sura ya duka.

## Hatua ya 1: Chora safari ya oda moja hadi mikononi mwa mteja

Chukua karatasi. Chagua oda ngumu, kwa sababu nyepesi hupita kwenye programu yoyote.

Mfano ninaoutumia ni huu: mteja wa Dodoma ameagiza kilo tano za dagaa wakavu na pakiti mbili za sato wa kubanika. Oda imeingia. Malipo yamethibitishwa. Mtu wa stoo amepewa. Dagaa wamepimwa, wamefungashwa, mzigo umebandikwa jina na namba ya simu. Bodaboda ameupeleka stendi ya Nyegezi. Risiti ya mzigo imepigwa picha, na mteja ametumiwa picha hiyo pamoja na namba ya basi. Mteja amepokea. Oda imefungwa.

Kwenye kila kituo andika mambo matatu: nani anafanya, anahitaji kuona nini, na nini huwa kinaharibika hapo.

Sababu ya kujisumbua hivi ni kwamba programu nyingi huja na hali chache za oda. WooCommerce, programu ya duka la mtandaoni, kwa mfano, ina hali ya kusubiri malipo, kusimamishwa kwa muda, kushughulikiwa, kukamilika, kufutwa, kurudishiwa pesa na kushindikana. Tazama sasa karatasi yako. Kupima, kufungasha, bodaboda na stendi, vyote vimelundikwa ndani ya neno moja: "inashughulikiwa". Mteja akipiga simu saa mbili usiku kuulizia mzigo wake, aliyepokea simu hana la kumwambia.

Hali mpya kama "imefungashwa" na "ipo kwenye basi" zinaweza kuongezwa, na huo ndio uzuri wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi na unaruhusiwa kuubadilisha. Ila ni lazima ujue mapema unahitaji zipi.

Utajuaje umefanikiwa: mpe karatasi mtu asiyeijua biashara yako, umwambie oda imefika kituo cha nne. Akikueleza mzigo uko wapi na unashikwa na nani, endelea.

## Hatua ya 2: Pima programu kwa vipimo vyako vya kweli

Wengi wanakwama hapa bila kujua, nami niliwahi kukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shemeji yangu anauza dagaa, anachukulia mzigo pale Mwaloni, Kirumba. Nilimsaidia kuweka duka na kwenye stoo tukaandika magunia, kwa sababu ndivyo anavyonunua. Wateja wa mtandaoni wananunua nusu kilo na kilo. Ijumaa moja jioni duka likaonyesha bidhaa imeisha. Stoo ilikuwa na magunia mawili kamili, moja halijafunguliwa hata kamba. Programu ilikuwa imesoma "mbili", wateja wawili wakachukua nusu kilo kila mmoja, ikafunga mauzo. Tulikuja kugundua Jumapili. Mauzo ya wikiendi nzima yalipotea kwa sababu ya neno "gunia", na mpaka leo naumia nikikumbuka jinsi alivyokaa akisubiri simu ilie.

Kwa hiyo jiulize maswali haya kwa kila programu unayoifikiria.

Je, inanunua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine? Odoo na ERPNext, ambayo ni mifumo ya kuendesha biashara nzima, zina mfumo wa vipimo ndani yake: unaiambia gunia moja ni kilo ngapi, inabadilisha yenyewe. WooCommerce kwa kawaida huhesabu stoo kwa namba kamili, haina nusu. Ukiitumia, usihangaike na kilo na magunia. Fungasha kwanza pakiti za nusu kilo, kisha hesabu pakiti.

Je, inajua tarehe ya kuisha na mzigo umetoka fungu lipi? Samaki wa kubanika, unga wa lishe, mafuta na vipodozi vinahitaji hilo. Odoo Community (toleo la bure la Odoo) na ERPNext zinaweza kufuatilia mafungu na tarehe za mwisho wa matumizi. Ukiuza viatu au vitenge, ruka swali hili.

Je, stoo ikipungua uzito unaandika wapi? Dagaa wakikaa hukauka zaidi, na kwenye gunia kuna vumbi na vipande ambavyo havifungashwi. Lazima kuwe na sehemu ya kupunguza stoo na kueleza sababu, bila kutengeneza oda ya uongo.

Je, bei inaweza kukaa bila senti? Jambo dogo, lakini bei ya "Sh 12,000.00" humchanganya mteja wa kawaida. Kwenye WooCommerce unaweka idadi ya desimali kuwa sifuri.

Utajuaje umefanikiwa: bidhaa zako 20 zote zimeandikwa kwa kipimo kimoja kinachouzwa, na hakuna hata moja uliyolazimika kuieleza kwa mdomo.

## Hatua ya 3: Baki na programu mbili, usizidishe

Gawanya uamuzi hivi. Kama tatizo lako ni duka na oda za kawaida, tafuta programu ya duka. Kama tatizo ni stoo zaidi ya moja, manunuzi, wafanyakazi na madeni, tafuta mfumo wa biashara nzima.

WooCommerce inakaa juu ya WordPress, mfumo wa kutengeneza tovuti, na imeandikwa kwa PHP. Inaendeshwa hata kwenye seva ya bei nafuu mnayochangia na tovuti nyingine, na mafundi wake wanapatikana kwa urahisi kuliko wa nyingine zote hapa. Ina programu ya simu ya bure inayokuonyesha oda mpya. Udhaifu wake ni stoo na ufungashaji, ambavyo utavijenga kwa plagini, yaani programu ndogo za nyongeza.

PrestaShop na OpenCart nazo ni PHP. Ni maduka mazuri, OpenCart ikiwa nyepesi zaidi. Angalia tu bei za moduli (nyongeza zake) kabla hujapenda, maana nyingi zinalipiwa.

Odoo Community imeandikwa kwa Python na inatumia hifadhidata ya PostgreSQL. Duka, mauzo, manunuzi na stoo vinaongea lugha moja. Utoaji wa mzigo unaweza kuwekwa kwa hatua moja, mbili au tatu: kuchukua rafuni, kufungasha, kutoa. Tahadhari: Odoo ina toleo jingine la kulipia, Enterprise, na maonyesho mengi ya mtandaoni hutumia hilo. Programu ya kuskani misimbopau (barcode) kwenye stoo na uhasibu kamili vimo upande wa kulipia. Usije ukachagua kitu ambacho hukukiona.

ERPNext inatoka India, ni Python na hifadhidata ya MariaDB, na haina toleo la siri la kulipia. Oda moja inaweza kutolewa kwa hati kadhaa za kupeleka mzigo, na ina orodha ya kuokotea bidhaa stoo. Duka lake la mtandaoni sasa ni programu ya pembeni iitwayo Webshop, inayowekwa peke yake.

Odoo na ERPNext zinahitaji seva binafsi ya kukodi, yaani VPS, na mtu wa kuitunza. Magento Open Source ningekushauri uiache kama wewe ni duka dogo: inahitaji seva nzito na injini ya utafutaji pembeni, na fundi wake ni ghali.

Sasa rudi kwenye jibu la fundi wako. Kama anaandika PHP tu, usimpelekee Odoo kwa matumaini kwamba atajifunza njiani. Atajifunza kwa oda zako.

## Hatua ya 4: Soma leseni, kisha angalia kama mradi una uhai

Leseni inakuambia unaruhusiwa kubadilisha nini. WooCommerce, OpenCart na ERPNext ziko chini ya GPL, Odoo Community chini ya LGPL toleo la 3, PrestaShop chini ya OSL. Zote zinakuruhusu kurekebisha na kutumia kibiashara. Kwa GPL na LGPL, masharti ya kugawa msimbo yanakuhusu zaidi pale utakapompa au kumuuzia mtu mwingine programu uliyoibadilisha.

Kwa uhai, fungua ukurasa wa msimbo wao uone toleo la mwisho lilitoka lini na kama matatizo yanayoripotiwa yanajibiwa. Odoo hutoa toleo kubwa kila mwaka na kila moja hupata matengenezo kwa miaka mitatu, hivyo ukianza na la zamani umejifupishia muda.

Onyo: usiweke kamwe plagini ya kulipia uliyopewa bure kwenye magrupu. Mara nyingi imefunguliwa na kupandikizwa msimbo wa kuiba taarifa. Namba za simu na anwani za wateja wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na inamhusu hata muuzaji mdogo anayekusanya majina na namba.

## Hatua ya 5: Iweke mahali pa majaribio

Usijaribu kwenye duka linalouza. Weka programu zote mbili kwenye kompyuta au seva ya majaribio, ingiza bidhaa zako 20, halafu fungua akaunti tatu: ya kwako, ya mfungashaji na ya mpokea simu.

Ingia kwa akaunti ya mfungashaji kwenye simu yake. Anaona mauzo ya mwezi mzima? Anaona namba za wateja wote wa zamani? Kama anaona, ruhusa hazijakaa sawa. Anachohitaji ni orodha ya leo, vipimo, na mahali pa kubonyeza "tayari".

Angalia na lugha. Maneno ya programu hizi yanaweza kutafsiriwa, na neno analolijua mfungashaji linapunguza makosa kuliko mafunzo ya siku nzima.

Utajuaje umefanikiwa: mfungashaji ameifungasha oda ya majaribio bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 6: Pitisha oda kumi ngumu

Hii ndiyo hatua inayoamua. Pitisha oda hizi kwenye programu zote mbili, moja baada ya nyingine, na uandike dakika ulizotumia.

1. Mteja wa Nyakato amelipa kikamilifu. Hii ni ya kupasha misuli moto.
2. Mteja wa Buhongwa analipa akipokea.
3. Mteja amelipa pungufu kwa shilingi elfu mbili.
4. Wateja wawili wanagombania pakiti ya mwisho kwa wakati mmoja.
5. Mteja ameshalipa, anataka kuongeza bidhaa.
6. Mteja amebadilisha anwani: ilikuwa Igoma, sasa anataka mzigo uende Nansio kwa meli.
7. Nusu ya oda ipo, nusu italetwa kesho.
8. Mzigo umerudi kutoka stendi, mteja hapokei simu.
9. Mtandao umekatika katikati ya malipo.
10. Oda imekuja kwa simu ya kawaida, inaingizwa kwa mkono.

Nikueleze chache ambazo nimeona zinawakwamisha watu.

Oda ya tano. Kwenye WooCommerce, oda ikishafika hali ya kushughulikiwa, bidhaa zake hazibadilishwi. Unairudisha kwenye hali ya kusimamishwa, unaongeza, kisha unaiendeleza. Asiyejua hili huandika bidhaa ya nyongeza kwenye karatasi, na karatasi hupotea.

Oda ya saba. Odoo, ukithibitisha mzigo pungufu, hukuuliza kama itengeneze oda ya salio. Ukikubali, nusu iliyobaki inakaa kwenye orodha ya kesho yenyewe. Pima programu yako nyingine inafanya nini hapo, usichukulie kwamba zote ziko hivyo.

Oda ya tisa. WooCommerce ina kipimo cha dakika za kushikilia stoo kwa oda ambayo haijalipiwa, na kwa kawaida ni 60. Muda ukipita, oda inafutwa na bidhaa inarudi dukani. Kwa mteja anayetafuta wakala ili aweke pesa kwenye simu, saa moja inaweza kuwa fupi. Iongeze, ila isiwe siku nzima, maana utakuwa unamfungia mlango mnunuzi aliye tayari.

Oda ya sita inapima kitu kingine: je, unaweza kubadilisha mwenyewe njia, gharama na siku za kufikisha mzigo? Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita iliacha kusubiri kivuko. Muuzaji aliyelazimika kumsubiri fundi abadilishe "siku mbili" iwe "kesho" alikuwa anawapoteza wateja wakati barabara iko wazi.

Kwenye fomu ya anwani, hakikisha namba ya simu ni ya lazima, na kuna nafasi ya kuandika alama ya jirani: msikiti, shule, duka la dawa. Sehemu ya msimbo wa posta (postikodi) iwe ya hiari. Bodaboda wako anatafuta "nyuma ya kisima, geti la bluu".

Utajuaje umefanikiwa: angalau oda nane kati ya kumi zimepita ndani ya programu bila karatasi pembeni, na mbili zilizobaki fundi amekuambia zitarekebishwaje na kwa bei gani. Zikipita tano tu, iache programu hiyo hata kama duka lake linapendeza.

## Hatua ya 7: Malipo yathibitishwe na seva

Watu wengi wameibiwa kwa meseji za malipo za kughushi na picha za skrini. Oda isihamie kwenye kufungashwa kwa sababu mteja ametuma picha.

Njia salama ni kampuni ya kupokea malipo inayoiarifu seva yako moja kwa moja, pesa za M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa zikiingia. Pesapal na DPO, kwa mfano, zina plagini za WooCommerce. Kwa programu nyingine uliza kama ipo moduli, au kama fundi ataandika kiungo kwa kutumia API yao, yaani njia ya programu moja kuongea na nyingine. Makato yake yaingize kwenye bei mapema.

Kama bado unatumia Lipa Namba ya kawaida, mtu mmoja tu apewe kazi ya kulinganisha kila muamala na salio halisi, kisha aandike kumbukumbu namba ndani ya oda. Mfungashaji asiwe mtu huyo.

Fanya jaribio la mwisho kwa pesa halisi: lipa Sh 1,000, zima data katikati, iwashe tena. Oda ikijisahihisha yenyewe, vizuri. Ikibaki "haijalipwa" huku pesa imeondoka, fundi ana kazi.

## Hatua ya 8: Weka marekebisho pembeni, usiguse kiini

Programu ni ya bure, lakini seva, jina la tovuti, plagini, fundi na meseji kwa wateja vinalipiwa. Jumlisha gharama za mwaka mzima kwa programu zote mbili kabla hujaamua.

Mwambie fundi wazi kwamba hakuna kubadilisha faili za asili za programu. Kwenye WooCommerce marekebisho yawe kwenye plagini ndogo ya kwako au mandhari mtoto (nakala ya sura ya duka inayobadilishwa bila kugusa ya asili), kwenye Odoo yawe moduli tofauti, kwenye ERPNext yawe programu yake. Akigusa kiini, sasisho la kwanza litafuta kazi yote. Ukiogopa kusasisha kwa sababu hiyo, unaacha mlango wazi kwa wezi.

Msimbo aliouandika uhifadhiwe kwenye akaunti yako, na nywila kuu uwe nayo wewe. Nimeona muuzaji akilazimika kuanza upya kwa sababu fundi alihama mji akaondoka na kila kitu.

## Hatua ya 9: Hamia polepole

Panga nakala rudufu ya kila siku inayokaa mahali tofauti na seva. Kisha fanya kile ambacho wengi hawakifanyi: irudishe nakala hiyo kwenye seva ya majaribio, ufungue oda ya jana uisome. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Anza na kundi moja la bidhaa, mfano dagaa peke yake, kwa wiki ya kwanza. Usianze mwisho wa mwezi wala karibu na sikukuu. Oda za zamani ambazo hazijafika zimalizie kwenye daftari, usizihamishe nusunusu.

Daftari liendelee kuandikwa sambamba na programu. Kila jioni, kabla ya kufunga stoo, hesabu pakiti kwa mkono na ulinganishe daftari, programu na rafu. Vikitofautiana, tafuta sababu usiku huohuo, kabla ya mtu kusahau. Vikilingana siku 14 mfululizo, ingiza kundi la pili la bidhaa, na daftari la dagaa unaweza kulifunga.